Santuri ya Tom Dooley: sauti nzuri, ushahidi uliopinda

Mpenzi wa kantri wa Nakuru au Kisumu anayepekua santuri za mtumba akikutana na santuri ya kampuni ya Capitol, nambari 4049, ya Kingston Trio, kundi la waimbaji watatu wa Marekani, ainunue, mradi haijakwaruzika. Ni ile ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, ya mwaka 1958: "Tom Dooley" upande mmoja, "Ruby Red" upande wa pili. Sauti tatu zinapangana vizuri ajabu, banjo haizimezi, na wimbo unakwisha kwa dakika tatu hivi ungali unautaka. Ulishika nambari moja Marekani Novemba mwaka huo, ukatunukiwa tuzo ya muziki ya Grammy, ya kantri, mwaka 1959.

Tatizo ni habari yenyewe. Kabla ya kuimba, mmoja wao anasimulia mapenzi ya watu watatu: Bwana Grayson, mwanamke mrembo na Tom Dooley. Msikilizaji anabaki akiamini Grayson na Tom waligombania mwanamke. Si kweli. Tom Dula, ndilo jina lake kortini, alikuwa askari wa majimbo ya Kusini aliyerudi kutoka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani hadi Wilkes County, North Carolina. Mei 1866, alfajiri, Laura Foster, msichana aliyekuwa na uhusiano na Dula, aliondoka kwao akiwa amepanda farasi wa babake. Farasi akarudi peke yake. Dula, aliyeshukiwa kumuua, akatorokea Tennessee, akafanya kibarua cha siku chache kwa James Grayson kwa jina la uongo, Hall. Wasakaji walipofika, Grayson akaungana nao kumkamata. Alikuwa mwajiri, basi. Na wakati huo hata mwili wa Laura ulikuwa haujapatikana. Ulifukuliwa baadaye kwenye kaburi la kina kifupi, ukiwa na jeraha la kisu kifuani.

Mtu mzito zaidi katika kesi hii wimbo haumtaji kabisa. Ann Melton, mke wa mtu, alikuwa mpenzi wa Dula tangu kabla ya vita. Jamaa ya Ann, Pauline Foster, ndiye aliyewaelekeza wasakaji kaburini, na ushahidi wake ndio uliombana Dula. Ilidaiwa kortini kwamba Dula aliamini Laura alimwambukiza kaswende. Zebulon Vance, gavana wa zamani, alimtetea bila malipo. Kesi ikahamishiwa Statesville, Dula akapatikana na hatia, mahakama ya rufaa ikaamuru isikizwe upya, akapatikana na hatia tena. Alinyongwa mjini humo tarehe 1 Mei 1868, wala si kwenye mwaloni bondeni kama wanavyoimba. Aliacha maandishi kwamba ni yeye peke yake aliyehusika, na Ann, aliyeshtakiwa pia, akaachiliwa huru.

Kuhusu kuicheza: tundu la kati ni kubwa, kwa hiyo uwe na kile kidude cha plastiki cha kulijaza. Rekodi ni ya mono, yaani sauti ya njia moja. Amplifaya yako ikiwa na swichi ya mono, iwashe, mkwaruzo utapungua mara moja. Vumbi la Nakuru hujikita ndani ya mifereji: tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke, tone la sabuni na kitambaa laini, ukifuata mzunguko, usipanguse kwa kukatiza mifereji. Ukisikia wimbo unakokota na sauti zimekuwa nzito, usilaumu santuri. Mashine nyingi za zamani za kuchezea santuri kutoka Marekani zina mota inayofuata umeme wa hezi 60, na wetu ni wa 50. Transfoma hurekebisha volti tu, kwa hiyo sahani huzunguka polepole kwa asilimia 17 hivi.

Anayetaka kusikia wimbo ukiwa karibu na asili yake atafute rekodi ya Grayson na Whitter ya 1929, fidla na gitaa. Grayson huyu, mpiga fidla, ni wa ukoo uleule wa James Grayson. Kwangu hiyo ndiyo yenye uchungu. Ikiwa ni santuri halisi ya mizunguko 78, usiichezee sindano ya 45, maana ncha yake ni nyembamba mno na huteleza chini ya mfereji. Wala usiisafishe kwa spiriti, itaiyeyusha.

Wapiga gitaa, ni kodi (chord) mbili tu. Anza na D, ingia A7 kwenye neno la mwisho la mstari wa pili, kaa hapo hadi neno la mwisho la mstari wa nne, urudi D. Wengi huingiza G katikati kwa mazoea ya kantri, na wimbo unapoteza ule ukali wake.