Uzoefu wangu na kipima kebo cha taa nane, kompyuta ya kazini inapopoteza seva

Seva ikipotea kila baada ya muda, watu hukimbilia kulaumu virusi au Windows. Kwenye ofisi ndogo ninazohudumia, mimi huanza na waya, na kifaa ninachokitegemea ni kipima kebo cha bei nafuu: vipande viwili vinavyoachana, betri moja ya volti 9, taa 1 hadi 8, moja kwa kila uzi wa kebo, na moja ya G, ya ganda la chuma la kebo zilizo nalo. Nakipenda sana, ila lazima ujue kinaona nini na hakioni nini.

Usichomoe kebo kwanza. Fungua madirisha mawili ya amri, moja uandike ping -t (amri inayouliza tena na tena kama kifaa kinajibu) na anwani ya ruta, jingine ping -t na anwani ya seva, uyaache hadi tatizo lijirudie. Yakikatika yote mawili, shaka iko kwenye kebo, kadi ya mtandao au swichi (kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao). Ikikatika seva peke yake, kebo ya kompyuta hiyo iache. Seva ikijibu kwa namba lakini si kwa jina, hiyo ni shida ya DNS, huduma inayogeuza majina kuwa namba. Tazama pia kasi ya kadi: ikisoma 100 Mbps kwenye swichi ya gigabiti, kebo hiyo ishuku, kwa sababu kasi ya 100 hutosheka na nyuzi 1, 2, 3 na 6, ilhali gigabiti hutaka zote nane.

Hapo ndipo kipima kinapoingia. Chomoa ncha zote mbili, maana tundu la swichi lenye PoE (umeme unaopitishwa ndani ya kebo ya mtandao) linaweza kukiunguza. Weka mwendo wa polepole, taa zipite kwa mpangilio pande zote mbili. Kwa mpangilio wa rangi za nyuzi uitwao T568B, taa ya 4 isipowaka, uzi wa bluu umekatika au haujabanwa. Zikiwaka zote, usiridhike: tikisa kebo taratibu karibu kabisa na plagi huku taa zikizunguka. Kosa la kuja na kuondoka hujitokeza hapo, taa moja inafifia na kurudi. Mara nyingi ganda la nje halikuingia ndani ya plagi, kwa hiyo nyuzi ndizo zinazobeba mvuto wote. Kata, bana plagi mpya, na usifumue msokoto wa jozi za nyuzi zaidi ya milimita 13. Kebo ya alumini iliyopakwa shaba hukatika upesi zaidi. Heri ya shaba tupu.

Udhaifu wake mkubwa ni jozi zilizochanganywa. Fundi akipanga rangi jozi kwa jozi, sawasawa ncha zote mbili, taa zote zitawaka vizuri, kumbe uzi wa 3 na wa 6 si wa jozi moja kama inavyotakiwa, na data inapotea njiani. Kwa hilo tumia macho: soma rangi kupitia plagi. Wala hakikuambii kama kebo imepita mita 100.

Kebo ikiwa nzima, ingia Device Manager (orodha ya vifaa ndani ya Windows), kwenye kadi ya mtandao, uondoe alama inayoruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa umeme. Alama nyekundu kwenye drayvu ya mtandao (folda ya seva inayoonekana kama diski ya kompyuta) baada ya dakika 15 bila kazi, ambayo hufunguka ukiibofya, ni tabia ya kawaida ya Windows. Ukitaka kuizuia, kwenye seva andika net config server /autodisconnect:-1 ukiwa na haki za msimamizi. Kama “seva” yenu ni Windows 10 au 11 ya kawaida, kumbuka haipokei zaidi ya miunganisho 20 kwa wakati mmoja.

Na swichi iwekeni kwenye UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Ofisi nyingi huilinda kompyuta tu, umeme ukicheza kidogo swichi inazima na kuwaka, seva inapotea, na hakuna anayeelewa kwa nini.

Kwa bei yake nakipa nyota nne kati ya tano. Toa betri kabla ya kukihifadhi.