Kuuza kozi onlaini ukiwa Kisumu, inalipa ama hailipi? Rivyu yangu

Jibu kwanza, ndio mwenye haraka aende zake: inalipa, lakini vidio zenyewe si ndio zinalipa. Kile watu wananunua ni mwalimu kuwa hapo wakikwama. Mimi nafunza kushona, darasa langu liko upande wa Kondele, na siku hizi niko na wanafunzi Siaya, Busia, Kakamega, bila mtu kupanda matatu, so hii ni kitu nafanya kila wiki. Naandika juu kuna vijana wengi huku kwetu wanaambiwa ati rekodi kozi mara moja alafu ulale pesa ijiingize, na wanakopa loni za simu kununua kamera na taa. Inaniuma sana.

Kila mtu huniuliza kuhusu Udemy, ile soko kubwa ya kozi onlaini. Kuweka kozi huko ni bure, wanataka angalau dakika 30 za vidio na masomo yasiyopungua 5, na picha iwe safi. Wateja wako huko tayari, dunia nzima, hiyo siwezi kuwanyima. Sasa ingia kwa hesabu. Mtu akinunua kupitia linki yako ama kuponi yako unabaki na asilimia 97, poa sana. Akikupata tu mwenyewe akisachi huko ndani, unapewa asilimia 37, na kozi nyingi huko huuzwa kwa ofa, dola 10 hivi, so yako ni dola 3 na kitu, haifiki hata shilingi 500. Alafu kuna wale wanalipa kila mwezi waangalie chochote wanataka, hapo unalipwa kulingana na dakika zako zimeangaliwa, na fungu la walimu kwa hiyo pesa ya kila mwezi limekuwa likikatwa tu: lilikuwa asilimia 25, likaenda 20 mwaka wa 2024, 17.5 mwaka wa 2025, na 15 mwaka wa 2026. Mwalimu wa Excel ama wa kuandika programu anayeongea Kiingereza na dunia nzima bado anaweza kuona kitu huko juu wateja ni wengi. Lakini mimi nafunza kukata gauni ya kitenge kwa Kiswahili, na mteja wangu ni mama wa Ahero hana kadi ya benki, ana M-Pesa. Huko hatanipata. Na pesa yenyewe inakuja kwa PayPal ama Payoneer, akaunti za kupokea pesa kutoka nje, ni kweli tangu 2018 unaweza kutoa PayPal hadi M-Pesa, lakini kila mlango unaopitia unakatwa kidogo.

Teachable na Thinkific ni duka lako mwenyewe, unalipa kwa dola kila mwezi uuze usiuze, na wateja unajiletea. Kwa mtu anaanza sioni sababu. Selar, tovuti ya Wanigeria ya kuuzia kozi, angalau inakubali shilingi na M-Pesa na inakata tu ukiuza, hiyo jaribu.

Lakini mimi narudi kwa ile njia rahisi ambayo watu wanaidharau ati si ya kisasa. Vidio fupi fupi kwa chaneli ya Telegram, grupu ya WhatsApp ya kuulizana, Jumamosi laivu, malipo kwa Pochi la Biashara, ile M-Pesa ya wafanyabiashara wadogo. Pochi nimeipendea kitu moja, mteja hawezi kurudisha pesa kiholela bila wewe kukubali, na ukiuza kitu ya kuangalia kwa simu hiyo ni muhimu kuliko vile unafikiria, juu mtu anaweza kuangalia kila kitu usiku mmoja asubuhi anataka pesa. Telegram nayo ina mahali unawasha watu wasisevu wala kufowadi. Haizuii wezi wote, mtu anaweza kuchukua simu ingine arekodi skrini, lakini inapunguza.

Na hapa kwa grupu ndio biashara yenyewe iko. Mwanafunzi anatuma picha saa tatu usiku, "mwalimu mkono umenikataa, unavuta huku kwa kwapa", naangalia naona alikata shimo la mkono ndogo, namtumia sauti ya dakika moja, anafungua anashona upya. Hiyo sauti ya dakika moja ndio alilipia. YouTube imejaa masomo ya kushona ya bure, za Wanigeria na Wahindi, nzuri kabisa, na za Wazungu zenye patani za kununua na vitambaa hautawahi kupata soko la Kibuye hata ukizunguka Jumapili nzima. Hauwezi kushinda bure kwa kuuza vidio ingine. Unashinda kwa kumjibu mtu kwa lugha yake, kwa kitambaa anacho, kwa cherehani ya miguu yenye alirithi kwa mamake.

Kuna utafiti wa chuo cha MIT cha Marekani ulitoka 2019, waliangalia zile kozi za onlaini za MIT na Harvard kwa tovuti ya edX, wakapata mwaka wa 2017-18 waliomaliza ni kama asilimia 3 tu ya wote walioingia. Hao ni walimu wakubwa duniani, na nyingi unasoma bure. So mtu akisoma peke yake anaacha, hiyo ni kawaida ya binadamu, na mwanafunzi ameacha katikati hawezi kukuletea dada yake mwezi ujao. Wangu wote wapya wanaletwa na mwenye alimaliza akapiga picha na gauni yake.

Bei yangu: vidio peke yake 1,500, vidio na grupu na Jumamosi 3,500, na wengi wanachukua ya pili. Lakini jua grupu inakula jioni zako. Nikipita watu ishirini kwa grupu moja najua kuna mtu sitamjibu, so nafunga. Hapo ndio ile hadithi ya kulala pesa ikiingia inaisha, hii ni kazi ya kufunza kama zingine, tofauti ni hakuna kodi ya chumba kikubwa na mwanafunzi haachi watoto.

Kurekodi, simu ya kawaida inatosha. Weka pesa kwa maiki ndogo ya kushikisha kwa nguo kabla ya kamera, mtu atavumilia picha lakini hatavumilia sauti mbaya. Na rekodi asubuhi, juu huku mvua ikija jioni na uko chini ya mabati hakuna kitu itasikika.

Kuhusu wale wanauza kozi ya kufunza watu kuuza kozi, kuna moja ya bei ghali sana imezunguka huku, sitataja jina. Waulize swali moja tu: mbali na hii, umeuzia watu somo gani lingine? Kama hakuna, funga mfuko.

Kwa hivyo nani aingie? Kama tayari watu wanakujia na maswali, wewe ni fundi wa simu, wa keki, wa nywele, wa kuku, mwalimu wa hesabu wa kidato cha nne, ingia hata wiki hii. Kama hakuna mtu amewahi kukuuliza kitu kuhusu hiyo kazi, kwanza ifanye watu waone. Anza na darasa ya laivu ya watu wachache wanaolipa, rekodi ukifunza, na yale maswali watauliza ndio yatakuonyesha vidio gani utengeneze. Weka rekodi ya mauzo pia, juu kuna kodi ya KRA, na ni rahisi kuandika kila siku kuliko kutafuta meseji za M-Pesa za mwaka mzima mwezi wa sita.