Faili la mteja limefutwa kwa sababu mwenzetu aliacha kazi

Kama ofisi yenu inashea mafaili kwenye mfumo wa kazi wa mtandaoni wenye chati na chaneli za timu, kama tunaotumia sisi, leo hii kamuulizeni mtu wenu wa IT: faili nikilituma kwenye chati, linakaa wapi?

Sisi ni wakala wa forodha, tuko Kurasini, Dar es Salaam. Kazi yetu ni nyaraka: BL (hati ya mzigo inayotolewa na wenye meli), ankara, pakingi listi (orodha ya vilivyofungashwa), vyeti vya TBS, shirika la viwango. Mwenzetu mmoja aliacha kazi miezi kadhaa nyuma, kwa amani kabisa, akaunti yake ikafutwa maana leseni ya mfumo inalipiwa kwa kila kichwa. Juzijuzi mteja wetu wa Kariakoo, mama mmoja wa siku nyingi, akahitaji nyaraka za mzigo wa zamani kwa sababu TRA, watu wa kodi, wanamkagua. Naingia kwenye chati, jina la faili naliona, nabonyeza, naambiwa halipo.

Kumbe faili la kwenye chati linakaa kwenye hifadhi ya aliyelituma. Ninyi wengine mmepewa ruhusa ya kulifungua tu. Ukiliweka kwenye chaneli ya timu ndipo linakuwa la timu. Kwa macho hutaona tofauti. Akaunti ikishafutwa, hifadhi yake inasubiri siku 30, labda msimamizi wa mfumo awe ameongeza muda, kisha inakaa siku 93 kwenye pipa la taka ambako msimamizi bado anaweza kuirudisha, halafu kila kitu kinakwenda. Miezi minne hivi! Sheria ya kodi inataka kumbukumbu zitunzwe angalau miaka 5.

Nikapiga simu kwa kampuni iliyotuuzia leseni, iko hapahapa mjini. Kijana aliyepokea alikuwa anaongea na mtu mwingine huku ananisikiliza. Jibu lake: "Dada, hiyo ni setingi tu, mlitakiwa kujua." Nikamwambia, kaka yangu, ninyi ndio mlikuja kutufundisha, mkatuonyesha mpaka namna ya kuweka picha, hili hamkulitaja. "Basi tumeni barua pepe." Akakata.

Haki nayo isemwe, mfumo una mazuri yake. Jedwali moja tunalijaza pamoja, mmoja yuko ofisini na mwingine bandarini. Kuna siku mtu alivuruga hesabu za storeji (gharama za mzigo kukaa bandarini), tukarudisha toleo la asubuhi, kazi ikaendelea. Kwa hilo peke yake ningewapa nyota nne.

Lakini nne za nini, jamani? Nimemtazama mteja machoni nikamwambia, mama, nyaraka zako sina. Sasa anahangaika na wakala wa meli kutafuta nakala ya BL, na ankara anamwomba msambazaji wake China. Nyota moja, na hiyo ni ya lile toleo la asubuhi.

Leseni zinaisha karibuni na bosi anataka kulipia tena. Nimemwambia abadilishe muuzaji kwanza, mfumo tutaujadili baadaye. Na mafaili yote yaliyobaki kwenye chati yahamishiwe kwenye chaneli wiki hii, kabla mtu mwingine hajaaga.