Uzoefu wangu wa tiba ya taa za bluu kwa mtoto mchanga mwenye manjano

Mwanangu aliwekwa chini ya taa za bluu katika hospitali moja ya Dar es Salaam, baada ya macho na ufizi wake kuwa manjano kabla hatujaruhusiwa kwenda nyumbani, na kipimo cha damu kuonyesha kwamba bilirubini, yaani rangi ya manjano itokanayo na kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu, imepanda. Tiba yenyewe naisifu bila kusita. Usimamizi wake ndio wenye kasoro.

Kwa mzazi anayeiona mara ya kwanza, mashine hii inatisha kuliko inavyostahili. Mtoto huvuliwa nguo akabaki na nepi, hufungwa kitambaa cha kukinga macho, kisha hulazwa chini ya taa usiku na mchana, akitolewa kwa ajili ya kunyonya tu. Mama mkwe alihofia kwamba ni mionzi kama ya eksirei. Sivyo: mwanga unaofaa ni wa bluu, wa takribani nanomita 460 hadi 490, nao huigeuza bilirubini iliyo kwenye ngozi ikatoka kwa nyongo na mkojo bila kulisubiri ini ambalo bado ni changa. Mwanangu alianza kupata choo chepesi cha rangi ya kijani, na muuguzi akanieleza kwamba ni kawaida kwa mtoto aliye chini ya taa.

Kasoro ya kwanza ilikuwa umbali. Taa ilikuwa imeinuliwa juu mno ili iwaangazie watoto wawili kwa pamoja, ilhali nguvu ya mwanga hupungua kadiri taa inavyokuwa mbali, na sikuona mtu yeyote akiupima. Ilishushwa na muuguzi wa zamu ya usiku nilipouliza. Kasoro ya pili ni nzito zaidi: daktari mmoja alitaka kuizima kwa kumtazama mtoto tu, wakati ngozi iliyo chini ya taa hupauka kabla bilirubini ya kwenye damu haijashuka vya kutosha. Nilidai kipimo, nacho kikaonyesha kwamba bado.

Ndugu walishauri tumwanike jua la asubuhi. Hawakuwa mbali sana na ukweli, kwani tiba hii ilianzia juani: mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, muuguzi aliyekuwa na mazoea ya kuwatoa watoto njiti nje aliona mmoja wao amepoteza umanjano isipokuwa pale palipofunikwa na shuka, na mwaka 1958 Dk. Cremer na wenzake wakachapisha habari za taa walizoziunda. Hata hivyo, jua halina dozi, na huweza kumchoma mtoto na kumpandisha joto.

Shemeji yangu, anayetibiwa soriasisi (ugonjwa wa ngozi) kwa mwanga, alidhani ni mashine ileile. Ile yake hutumia miale ya urujuanimno ya nanomita 311 hivi, inayounguza ikizidi, na haihusiani kabisa na manjano ya watoto.

Taa zilipozimwa tuliagizwa kurudi kesho yake kupima tena, kwa sababu bilirubini huweza kupanda upya, hasa kwa mtoto kama wangu: mimi ni kundi la damu O, yeye ni B, na tofauti hiyo huweza kufanya chembe zake za damu zivunjike kwa wingi. Kipimo hicho hakikuwamo katika bei ya wodi, hivyo ni vyema kuuliza mapema.