Uzoefu wangu: kiti cha shabiki asiyeona mwenye mbwa mwongozaji katika uwanja wa Ligi Kuu ya Uingereza

Huu ni msimu wa nne ninakwenda uwanjani na mbwa wangu mwongozaji, Willow, katika klabu moja ya Ligi Kuu ya Uingereza ambayo sitaitaja, kwa kuwa baadhi ya niliyoyalalamikia yamekwisha kurekebishwa na mengine tungali tunayazungumza. Ninachokipima hapa ni huduma moja: kiti anachopewa shabiki asiyeona anayefuatana na mbwa, pamoja na mambo yanayokizunguka kiti hicho, yaani ununuzi wa tiketi, njia ya kukifikia, utangazaji wa masikioni na mahali pa mbwa kujisaidia. Msimu wa kwanza ningeupa nyota mbili kati ya tano. Huu wa sasa naupa nne.

Ndugu zangu wa Tanga huniuliza mtu asiyeona anafuata nini uwanjani, na swali lao halinikasirishi. Nilikulia katika nyumba ambamo Coastal Union, Simba na Yanga walicheza ndani ya redio, kwa hiyo mpira wangu ulikuwa wa masikio hata kabla macho hayajaanza kufifia. Uwanjani, hata hivyo, yapo ambayo redio hainipi. Viti vya siku hizi hujikunja vyenyewe mtu akiinuka, nami hujua shambulizi la hatari linakuja kwa mlio wa mamia ya viti vikijigonga nyuma kwa pamoja, kitambo kifupi kabla watu hawajapiga kelele. Kwa mlio huo niko tayari kulipa.

Kulipa kwenyewe kulikuwa kazi. Ramani ya viti katika tovuti ya klabu ilikuwa picha tupu, na programu inayonisomea skrini ilikuwa ikifika pale ikanyamaza, hivyo nililazimika kupiga simu na kusikiliza muziki kwa muda mrefu kabla ya kumpata mtu. Fomu aliyokuwa akinijazia ilikuwa na swali moja tu, kama ninatumia kitimwendo au situmii; hapakuwa na nafasi ya kuandika neno mbwa. Niliposema situmii, alinipa kiti chenye ngazi chache, pamoja na tiketi ya bure ya mwandamani, ambayo hutumiwa na mpwa wangu. Jambo hili la tiketi ya mwandamani nalisifu bila kusita, kwa sababu bila hiyo kila mechi ingenigharimu mara mbili.

Kiti kile kilikuwa katikati ya safu. Nilipima nafasi ya miguu kwa kiganja nikapata shibiri tatu kasoro, na ndani ya shibiri hizo ilibidi iingie miguu yangu pamoja na Willow, mbwa wa aina ya Labrador wa kilo 29. Willow alijikunja chini ya kiti changu, mkia ukabaki kwa jirani wa kulia na kichwa kwa mpwa wangu, na kila aliyekwenda msalani alimruka. Kiti cha jirani kilipojikunja kilimbana ncha ya mkia, akalia mara moja, kisha akanyamaza kama alivyofunzwa. Chai ya moto ilimwagika karibu na sikio lake. (Pombe hairuhusiwi kunywewa mahali panapoonekana uwanja katika ligi za juu za Uingereza, kwa hiyo bia angalau haikuwamo katika hesabu.) Kufikia dakika ya thelathini alikuwa akihema, akilamba midomo na kupiga miayo mfululizo, ilhali ulikuwa mwezi wa Februari na baridi ya kukata. Mtu asiyemjua mbwa angedhani ana usingizi. Ilikuwa hofu. Tuliondoka wakati wa mapumziko, nami sikusikiliza matokeo hadi siku iliyofuata.

Mechi iliyofuata walituhamishia kwenye jukwaa la vitimwendo. Nafasi ilikuwa tele, na mhudumu aliyetupeleka alijivunia kabisa suluhisho lake. Tatizo ni kwamba magurudumu na nyayo za mbwa havikai vizuri pamoja pale mwenye kitimwendo anapohitaji kurudi nyuma bila kuona kilichoko chini, na zaidi ya hapo nilikuwa nimeikalia nafasi ambayo mwenzangu hana badala yake. Mimi ninaweza kupanda ngazi, yeye hawezi. Nafasi hizo ni chache, na sipendi kufika mahali nikiwa mwizi wa haki ya mtu mwingine kwa sababu tu mpangaji aliweka ulemavu wote katika kapu moja.

Kisha wakaja na pendekezo la tatu: mbwa abaki na mfanyakazi katika ofisi tulivu, nami niketi peke yangu na mpwa wangu. Nilijaribu mara moja, na kwa haki ya Mungu Willow alilala fofofo juu ya zulia hadi kipenga cha mwisho. Najua wenzangu wanaoupenda utaratibu huo, hasa wenye mbwa wachanga ambao bado hawajazoea makelele, na siwezi kuwalaumu. Lakini kengele ya dharura ikilia, mimi niko jukwaani na macho yangu yako ghorofa ya chini, nyuma ya mlango ambao ufunguo wake anao mtu nisiyemjua. Mbwa mwongozaji si mwavuli wa kuachwa mapokezi.

Hapo ndipo nilipoandika barua. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, inayotumika England, Scotland na Wales, inamtaka mtoa huduma afanye marekebisho yanayofaa ili mtu mwenye ulemavu asiwekwe katika hali ya chini kuliko wengine, na klabu zote za Ligi Kuu ziliahidi Septemba 2015 kwamba zingetimiza mwongozo wa viwanja vinavyofikika wa mwaka 2003 ifikapo Agosti 2017. Sikuandika kwa ukali. Niliuliza tu, mbwa wangu alale wapi?

Jibu lilichukua wiki tano, ila lilipokuja lilikuwa la maana. Ofisa anayeshughulikia mashabiki wenye ulemavu alinialika siku isiyo na mechi, tukazunguka majukwaa mawili tukijaribu viti, na Willow ndiye aliyeamua: popote alipolala bila kujikunja, ofisa aliandika namba ya safu. Mwishowe walichagua mwisho wa safu unaopakana na ukuta, wakang'oa kiti kilichokuwa kati yangu na ukuta huo, wakatandika mpira wa kuzuia baridi ya zege. Sasa sakafu ya Willow ina urefu wa shibiri saba na upana wa shibiri nne, tena iko upande ambao hakuna mtu anayepita. Gharama yake kwa klabu ni tiketi moja isiyouzwa kwa kila mechi. Nimeona, kwa maana yangu ya kuona, makorido yaliyowekwa vigae vya marumaru kwa ajili ya wageni wa heshima, na sidhani kiti kimoja kitawafilisi.

Katika safu hiyo jirani yetu wa mbele ni mzee mmoja Mwislamu ambaye siku ya kwanza alisogea ghafla alipohisi pumzi ya mbwa mgongoni. Mhudumu alikuja mbio kutaka kunihamisha mimi. Nilimwomba asubiri, nikamsalimia mzee, nikamweleza kwamba mimi pia ni Mwislamu, wa Tanga, na kwamba nafahamu vizuri suala la mate na nguo za sala. Nikamgeuza Willow kichwa kielekee ukutani. Mama yangu mwenyewe hadi leo akinipigia simu hutaka kuhakikisha kwamba mbwa halali kwenye chumba ninachoswalia. Mzee na mimi sasa tunaulizana hali kila Jumamosi. Wahudumu wakifunzwa kuuliza kabla ya kuhamisha watu, nusu ya migogoro ya namna hii haitazuka.

Utangazaji wa masikioni unastahili nyota zote tano. Unapewa kifaa kidogo chenye hedifoni karibu na lango, na watangazaji wake hawafanyi kazi ile ya redio ya kawaida. Wanakueleza mpira uko upande gani, nani amevua koti la mazoezi, mlinzi gani amebaki chini na bango gani limefunuliwa nyuma ya goli. La muhimu zaidi ni kwamba sauti haicheleweshwi. Nikitumia redio ya intaneti, watu hushangilia bao wakati mtangazaji wangu bado anasimulia mpira wa kurusha. Mimi huvaa sikio moja tu, la pili naliachia viti.

Njia ya kuingia imeboreka nusu. Lango la chuma linalozunguka halimfai mbwa, kwa hiyo tunapitishwa lango la pembeni, na hilo ni jema. Tabu ni kwamba papo hapo ndipo husimama mbwa wa polisi wanaonusa mabegi, na mbwa wawili walio kazini wakikutana uso kwa uso, wote wawili husahau kazi. Wakaguzi nao humpapasa Willow kichwani huku wakiniomba radhi. Afadhali wangeacha vyote viwili, kumpapasa na kuomba radhi.

Nyota ninayowanyima ni ya mahali pa kujisaidia. Nikitoka nyumbani saa sita mchana kwa mechi ya saa tisa, narudi saa kumi na mbili na nusu au zaidi, na mbwa ni kiumbe. Msimu wa kwanza niliambiwa nimtoe nje, kisha nikaelezwa kwamba aliyetoka haruhusiwi kurudi. Sasa kuna kipande cha ardhi kilichomwagwa maganda ya mti nyuma ya jukwaa letu, kikiwa na taa na pipa, lakini kwenda tu ni dakika sita katikati ya umati, na mapumziko yote ni dakika 15. Mara mbili nimekuta mapipa makubwa ya taka yamehifadhiwa juu yake. Willow alisimama pale, akanusa, akakataa, na nilimwelewa.

Kwa mwenye mbwa anayefikiria kuanza, nashauri apige simu mapema, ataje ukubwa wa mbwa kwa kipimo badala ya kusema tu ni mkubwa, na aombe kukijaribu kiti siku isiyo na mechi. Aulize pia kuhusu fataki na mitambo ya moto inayowashwa timu zinapoingia, kwa kuwa ratiba yake haitangazwi popote bali ofisi huitoa kwa anayeuliza. Ugenini kila kitu huanza upya; kila uwanja una fomu yake, na nyingi bado huuliza kuhusu kitimwendo tu.

Kwenye mechi za usiku zenye fataki, Willow hubaki nyumbani nami huenda kwa fimbo nyeupe, nikimshika mpwa wangu kiwiko. Tunakaa viti vile vile. Mpwa wangu husema, mjomba, leo unaweza kunyoosha miguu, nami hujikuta bado nimeikunja.