Studio ndogo ya portrait na imeili: huduma ipi ulipie, ipi uanze nayo bure, ipi uiache

Kabla hujatoa hela yoyote kwa huduma ya kutumia wateja wengi imeili kwa mpigo jiulize, mteja wako wa portrait anarudi baada ya muda gani? Studio yangu ni ndogo tu, iko Sinza, na wengi wangu wanarudi mara moja kwa mwaka, mtoto akifikisha bethdei, mahafali ya chuo, familia inataka picha ya Idi au Krismasi, mtu kahama kazi anataka picha safi ya CV na LinkedIn. Maana yake listi yangu ni ndefu afu natuma kidogo, labda mara moja kwa mwezi. Sasa huduma nyingi za imeili zinachaji kwa idadi ya majina uliyonayo, utume usitume, na hapo ndo wapiga picha tunapoumia, maana mwenye duka la vipodozi anauzia listi ileile kila wiki, mimi mtu nitamuona tena mwakani. Kwa hiyo mpangilio wangu nimeupanga kwa kuangalia hilo kwanza, nalipia majina au nalipia ninachotuma.

Najua mtu atasema mbona WhatsApp ipo. Ipo na naitumia kila siku, kupangia muda na kumaliza bei ni huko huko. Ila ile broadcast list mwisho watu 256, na asiyesave namba yako haimfikii kabisa, status nayo inapotea baada ya saa 24. Halafu mtu wa HR anayetaka wafanyakazi 30 wapigwe picha za vitambulisho hatafuti mpiga picha kwenye status, anafungua imeili yake ya ofisini.

Namba moja kwangu ni Brevo. Ni ya Wafaransa, mpaka 2023 ilikuwa inaitwa Sendinblue. Wao wanahesabu unachotuma, majina unaweka kwa maelfu hawakuulizi. Bure unatuma imeili 300 kwa siku. Listi yangu ina watu kama 800 na kitu kwa hiyo haiishi siku moja, mwanzoni ikanikera, baadae nikaona poa tu, nikaigawa: leo familia, kesho wa mahafali, keshokutwa maofisi, na kila kundi nikaliandikia ujumbe wake. Kumbe nilipaswa kufanya hivyo tangu zamani, mama wa mtoto wa mwaka mmoja tangazo la picha za CV la nini. Kingine kilichonifanya niipe namba moja ni kwamba unaweza kuweka tarehe ya kuzaliwa ya mtoto afu ukaipangia itume yenyewe wiki 3 kabla kila mwaka, mzazi anashangaa umemkumbuka vipi. Ubaya wake, kwenye bure jina lao linakaa chini ya kila imeili, na menyu zimejaa vitu vingi sana, siku ya kwanza utapotea.

Ya pili Kit, wale waliokuwa ConvertKit mpaka 2024. Kwa hesabu tupu hii ingeishinda Brevo, maana mwaka huohuo walifungua bure hadi watu 10,000 na hawakubani idadi ya kutuma. Kwa nini basi sijaipa namba moja? Imetengenezwa kwa ajili ya waandishi, imeili zake ni maneno maneno, ukitaka kupanga picha tatu vizuri utahangaika. Na kwenye bure otomesheni, yaani ujumbe unaojituma wenyewe, ni moja tu, sasa ukiitumia kumkaribisha mteja mpya ya bethdei utaiweka wapi. Ila kama mtindo wako ni picha moja kubwa, sentensi tatu na kitufe cha kubuku, chukua hii wala usiendelee kusoma.

MailerLite naiweka ya tatu na roho inaniuma, kwa sababu ndo rahisi kuliko zote kudizaini, unaburuta picha unaachia, inakaa. Inatoka Lithuania. Tatizo ni mlango wa bure unazidi kuwa mwembamba, ulikuwa watu 1,000, mwaka 2025 wakaushusha hadi 500. Wanakagua pia akaunti kabla hujaruhusiwa kutuma, kwa hiyo uwe na tovuti hata ya kurasa mbili yenye kazi zako. Ukiwa chini ya hao 500, na wengi tunaoanza tuko huko, inaweza kuwa ya kwanza kwako.

Flodesk ni nzuri kwa macho, hakuna ubishi, wapiga picha wa harusi huko Marekani wanaipenda sana. Lakini ni ya kulipia kila mwezi kwa dola, na dola yenyewe mnaijua. Kama bei yako ya sesheni moja inalipa usajili wa miezi kadhaa, haya. Kwa anayepiga passport size asubuhi na portrait jioni, bado.

Mailchimp wengi ndo jina wanalolijua, ipo tangu 2001, na 2021 kampuni ya Intuit wakainunua kwa dola bilioni 12 hivi. Ni programu nzito na nzuri. Ila bure yake ilikuwa watu 2,000 ikashuka mpaka 500 na mwelekeo ni wa kushuka, afu aliyejitoa kwenye listi bado anahesabiwa kwenye majina unayolipia mpaka wewe umhamishe kwa mkono kwenye akaivu. Kwa biashara yenye listi ndefu na mauzo ya msimu hiyo ni mifuko kutoboka kidogo kidogo.

Ya mwisho kabisa ni Gmail yako na Bcc, ile sehemu ya kuweka anwani bila wapokeaji kuonana. Kikomo ni watu 500 kwa siku na haina kitufe cha kujitoa. Hii nimeitumia miaka miwili, hadi siku moja usiku nimechoka nikaweka wateja kama 200 kwenye To badala ya Bcc, kila mtu akaona imeili ya mwenzie, mmoja akabonyeza jibu kwa wote kuulizia bei, wengine wakaanza kumjibu wakisema watolewe... asubuhi nimeamka na simu ya mama mmoja mtu mzima ananiuliza, mwanangu, hii imeili yangu umempa nani? Sikuwa na jibu. Na hapo Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, Wakenya wana yao ya 2019, kwa hiyo siku hizi kwenye fomu ya kubuku nimeweka kiboksi mtu atiki mwenyewe, na picha ya mtoto siiweki kwenye imeili ninazotuma bila mzazi kuniandikia ndiyo.

Chochote utakachochagua, nunua domeini kwanza, yaani jina lako mwenyewe la mtandaoni litakalokaa baada ya @. Ukitumia hizi huduma huku imeili yako inaishia na gmail.com utaangukia spamu, maana tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza, wanataka uthibitishe kwamba wewe ndo mtumaji, ile mambo ya SPF na DKIM. Inatisha kwa jina tu, ni mistari ya kukopi huku na kupesti kule ulikonunulia domeini, ukishindwa waombe wenyewe wakuwekee. Na usipumbazwe na asilimia ya waliofungua, simu za Apple tangu 2021 zinaweza kupakua picha ya imeili ikahesabika imefunguliwa hata kama mtu hajaisoma, mimi nahesabu waliobonyeza kitufe na waliobuku.

Picha zenyewe usipandishe faili lililotoka kwenye kamera. Upana wa pikseli 1,200 unatosha, JPEG, tatu zikizidi sana. Ukimaliza kudizaini jitumie mwenyewe kwanza, ifungue kwenye simu ya bei ya chini ukitumia bando la kawaida ukiwa ndani ya daladala, sio wifi ya studio, picha ya kwanza ikichelewa kutokea rudi ukaipunguze.