Wodi ya watoto Bombo: waliiangalia nepi

Wodi ya watoto ya Hospitali ya Bombo, Tanga, naipa nyota tano, na sababu kubwa ni nesi aliyetaka kuiona nepi.

Mjukuu wangu wa mwaka na nusu alikuwa akitoa choo chenye damu, huku anacheza vizuri, na uji anaumaliza. Zahanati moja ya mjini ilitupa dawa ya minyoo, kisha ya amiba. Damu ikazidi. Tulipofika Bombo mama yake aliona haya, akataka kuitupa ile nepi. Nesi akamzuia: "Dada, usitupe, lete niione." Akaifungua karibu na dirisha. Choo chekundu kama tofali, na makamasi hakuna. Akanigeukia: "Bibi, akijisaidia analia?" Halii hata kidogo. Palepale akamwita daktari.

Daktari alituchorea nyuma ya karatasi ya vipimo. Mtoto akiwa tumboni kuna kijimrija kinachounganisha utumbo wake na kitovu, na hutoweka mimba ikiwa bado changa. Watu kama 2 katika 100 hubakiwa na kipande chake, kijifuko kwenye utumbo mwembamba. Kinaitwa kijifuko cha Meckel, Mjerumani aliyekieleza mwaka 1809. Wengi huzeeka nacho wasijue. Ila kwa baadhi, ndani yake kuna utando kama wa tumbo la chakula, unatoa tindikali, nayo inachimba kidonda kwenye utumbo wa jirani. Ndiyo maana damu hutoka nyingi na mtoto haumwi. Mimi sikusoma sana, na nilielewa yote.

Nilipenda pia kwamba hawakukimbilia kupasua. Viganja vya mtoto vilikuwa vyeupe kwa kupungukiwa damu, kwa hiyo dripu kwanza, kisha damu. Ultrasaundi haikuonyesha kitu, na daktari alishatutahadharisha kwamba kijifuko hiki mara nyingi hakionekani humo. Walipofungua tumbo wakakikuta, wakakata kipande cha utumbo chenye kidonda, wakaunga. Sasa anakimbiza kuku uani, Makorora.

Mkiwa na mtoto anayetoa damu hivyo, nendeni usiku huohuo, msingoje dawa ya minyoo ifanye kazi. Mchukue na ndugu wawili watatu wa kujitolea damu, na nepi muifunge kwenye mfuko muende nayo.